Kisumu mwezi wa Saba: Dunga au ufuo wa mjini?

Mtu wa Nakuru akishuka kwenye steji ya Kisumu mwezi wa Julai, hakuna haja ya kumuuliza katoka wapi. Sweta aliyoifunga kiunoni inamtaja. Alfajiri alipanda matatu meno yakigongana, Mau Summit ukungu umeimeza barabara, Kericho manyunyu, kisha gari likaanza kuteremka. Awasi akafungua zipu. Ahero, mpunga pande zote, akavua kabisa. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Kisumu 1,130 hivi, na hizo mita mia saba zinatosha kumbadilishia mtu msimu. Kipupwe kinachotufungia majumbani huku, kule ni siku nzuri za kutembea: mchana joto la wastani, usiku shuka moja, na mvua kubwa za Aprili na Mei zimeshapita.

Ziwa sisi wa Nakuru pia tunalo, sawa. Lakini letu limo ndani ya hifadhi, limezungushiwa ua, na kuliona ni kwa tiketi. Maji yalipoanza kupanda miaka ya 2010, ziwa ndilo lililokuja kututembelea. Waulize watu wa Mwariki, mtaa wetu ulio pembeni mwa ziwa hilo. Mtaa wa kukaa ufuoni na sahani ya samaki huku mashua zikipita, huo hatuna. Ndiyo maana kila mwaka, baridi ikishakolea, naulizwa swali lilelile: nina siku moja tu Kisumu, niende Dunga au nibaki ufuo wa mjini?

Nami hujibu kwa swali: utafika saa ngapi?

Upepo ndio mwenye mji

Tuelewane kwanza juu ya pande zenyewe. Ufuo wa mjini ni ule wa stesheni ya reli na bandari. Ukiwa Barabara ya Oginga Odinga unafika kwa miguu. Dunga iko kusini, kilomita chache kwa bodaboda au tuktuk, mahali barabara inapoishia kwenye mitumbwi na mafunjo. Kati ya pande hizo mbili kuna hifadhi ndogo ya Impala na ile sehemu inayoitwa Hippo Point. Watu wengi huzilinganisha kwa uzuri: hapa pana ndege, pale pana muziki. Ni kweli, lakini uzuri wa kila upande una saa zake, na ukikosea saa utaona nusu ya ulichofuata.

Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka bara kwenda ziwani. Kukipambazuka unalegea, na Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria unaofika Kisumu, inalala tuli hadi unaona mstari mmoja tu nyuma ya bata anayeogelea mbali. Jua likishaichoma ardhi, hewa yake hupanda, na ya ziwani huja kushika nafasi. Karibu na adhuhuri upepo umegeuka, sasa unatoka majini kuja mjini, na kufikia saa nane mtumbwi unapigwa na mawimbi mafupi mafupi ya kukera. Na hauji mtupu. Gugu maji, lile lenye asili ya Amerika Kusini lililotuvamia miaka ya 1990, halishiki udongo. Linaelea, linakwenda linakosukumwa. Asubuhi unaona ghuba wazi. Alasiri mahali palepale ni shamba la kijani ambalo kuku angeweza kutembea juu yake.

Somo hili nililipia. Mwaka mmoja nilimpeleka shangazi yangu Dunga saa nane mchana, kwa sababu asubuhi tulichelewa kwenye chai ya hotelini, chai ambayo haikustahili kusubiriwa. Tulipanda boti. Hatukufika mita mia mbili, propela ikanasa kwenye gugu. Nahodha, kijana mpole, akaiinua injini, akachomoa kisu, akaanza kukata mizizi myeusi ndefu kama nywele za kusuka. Tukaenda kidogo, ikanasa tena. Mara ya tatu shangazi alifunga mkoba wake vizuri mapajani, akaniambia bila kugeuka: “Wewe ulisema tunakuja kuona ndege. Mbona mimi naona mgongo wa mwanangu huyu tu?”

Kwa hiyo Dunga ni ya asubuhi. Ufuo wa mjini ni wa kuanzia saa kumi jioni. Ukizipindua, kote kuwili utaudhika.

Dunga, kabla jua halijapata nguvu

Jua huchomoza Kisumu mwezi huu karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini. Uwe umeshafika. Kubaliana na mtu wa bodaboda usiku wa kuamkia, maana kumtafuta gizani ni kujichelewesha, na nauli mmalizane kabla hujapanda.

Utakachokuta si maonyesho ya watalii. Ni kazi. Wavuvi waliolala majini wanaingia, mtumbwi unasukumwa mpaka tumbo lake linaguna kwenye mchanga, na akina mama wanasubiri na makarai. Mbuta, yaani sangara, ananing'inizwa kwenye mizani kwa kulabu, bei inatajwa kwa Dholuo, mtu anacheka kwa dharau ya kibiashara, bei inatajwa tena. Mimi Dholuo changu kinaishia kwenye “oyawore” asubuhi na “erokamano” wakati wa kuondoka, lakini hayo mawili yameninunulia subira nyingi. Picha omba kwanza. Wale wako kazini, na wamechoka.

Usiulize omena mbichi, yaani dagaa wa ziwani, mwezi wa Julai. Upande wa Kenya uvuvi wa omena husimamishwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaliane, kwa hiyo zile taa zinazowaka ziwani usiku wa giza kama mji mwingine, za kuwavutia omena, hutaziona. Mtu anayetaka taa hizo na aahirishe safari hadi Agosti. Hiyo peke yake ni sababu tosha ya kusogeza tarehe, ukiniuliza mimi.

Kisha nenda kwenye mafunjo. Pana njia ya mbao inayokuingiza ndani ya kinamasi, na hapo ndipo Dunga inapoishinda mjini bila ubishi. Mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo, yanakupita kimo. Shika shina moja: halikuviringa, lina pembe tatu, laini kama limepigwa msasa. Humu ndani anaishi ndege mmoja ambaye wapenzi wa ndege huvuka bahari kumfuata, na sisi tulio saa chache kutoka hapa hatujui hata sura yake. Wanasayansi humwita Laniarius mufumbiri. Mgongo mweusi, kifua chekundu cha damu, utosi wa manjano, na mstari mweupe bawani. Hakai kwenye miti ya kawaida. Maisha yake ni mafunjo, na mafunjo yakikatwa au kuchomwa, ndege naye hana pa kuhamia. Ndiyo sababu kinamasi cha Dunga kimo katika orodha ya kimataifa ya maeneo muhimu kwa ndege.

Usitarajie kumwona mara moja. Utamsikia kwanza. Dume na jike huitikiana, mmoja anaanza na mwingine anadakia, haraka hivi kwamba unadhani ni koo moja. Simama. Acha mafunjo yatulie uliyoyatikisa kwa bega. Mimi ilinichukua safari ya tatu kumwona, na nilimwona kwa muda wa kuhesabu hadi nne, akipanda shina huku kichwa chake cha manjano kikitangulia. Mwongozaji aliyekuwa nami hakusema neno, alinigusa kiwiko tu. Waongozaji wa kijijini wanajua kila kona, mlipe mmoja. Ukienda peke yako utaona majani mengi na kurudi.

Mafunjo hayohayo huchuja maji machafu yanayoteremka kutoka mjini kabla hayajafika ghubani, na ndiyo yanayosukwa mikeka na vikapu utakavyouziwa ukitoka. Mwaka 2020, maji ya ziwa yalipopanda kupita kiasi, sehemu za ufuo huu zilikuwa chini ya maji. Ukiona wenyeji wanalitazama ziwa kwa jicho la mashaka hata siku ya utulivu, kumbuka hilo.

Boti ipande kabla ya saa tatu. Jaketi la kujiokoa livae, usilikalie, hata kama nahodha hajavaa lake. Viboko mtawaona kwa mbali, masikio na pua, na kwa mbali ndiko kuzuri. Nahodha anayekuahidi kukusogeza karibu ili picha itoke vizuri, mwache aende na mwingine.

Ikifika saa nne unusu, Dunga imeshakupa ilichokuwa nacho. Kukaa hapo hadi alasiri ni kutazama upepo.

Mjini, jua likishuka

Asubuhi ufuo wa mjini hauna mengi. Unaweza kupita ukiutazama ukuta wa bandari na mabehewa, ukasoma historia kichwani. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa tarehe 20 Desemba 1901, na mahali hapa pakaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba meli ilitangulia treni: SS William Mackinnon ililetwa kutoka Uingereza ikiwa vipande, wapagazi wakavibeba vipande hivyo nchi kavu, ikaunganishwa na kuelea ziwani mwaka 1900. Siku hizi macho hutafuta MV Uhuru, meli inayobeba mabehewa ya treni, iliyolala gatini miaka mingi kabla ya kurudi kazini mwishoni mwa 2019. Ukiikuta imetia nanga unaweza kuitazama kwa mbali. Bandari ni eneo la kazi lenye walinzi, usijipenyeze na kamera.

Ni jioni ndipo upande huu unapoamka. Ofisi zinafungwa, watu wanateremka wakiwa bado na beji shingoni, na upepo uleule uliotuharibia boti Dunga, mezani unageuka feni ya bure. Wenyeji upande huu wanaujua kwa jina la Lwang'ni, maana yake nzi, na jina hilo halikutoka hewani; palipo na utumbo wa samaki nzi hawahitaji mwaliko. Vibanda vya pale vimewahi kubomolewa, kwa hiyo ulichokula miaka kumi iliyopita usikitafute mahali palepale. Mwulize mtu wa tuktuk: leo watu wanakula wapi? Wao wanajua.

Samaki mchague mwenyewe, akiwa mbichi, kabla hajagusa mafuta. Jicho liwe limetuna na jeusi, lisiwe limezama wala kuwa na utando. Inua shavu: ndani pawe pekundu. Bonyeza mgongo kwa kidole, nyama irudi. Nasema hivi kwa sababu katika soko la Kisumu wamo samaki waliogandishwa kutoka China na wamo wa kufugwa kwenye vizimba ziwani, na si kosa kuwala, ila bei iwe yao. Mama mmoja aliniona nikikagua mashavu kama daktari, akanyanyua ngege (tilapia) mwingine kutoka chini ya wenzake, akampiga mikato mitatu ubavuni kwa kisu, haraka, hata hakutazama. “Kijana, huyu jana alikuwa anaogelea. Kavu au mchuzi?” Nikasema mchuzi. Sema mchuzi. Samaki anakaangwa kwanza, kisha anamaliziwa kwenye nyanya na kitunguu, na ugali wa mtama au wimbi pembeni, na osuga, mboga ya mnavu, iliyopunguzwa uchungu kwa maziwa. Analiwa kwa mkono, kuanzia kichwani, na mgeni hujulikana kwa kuacha kichwa.

Dunga pia kuna vyakula ufuoni, na vizuri. Lakini kwa meza ya watu wengi, muziki na kurudi hotelini kwa miguu, mjini ndiko.

Hapo kuna mshindani mmoja lazima nimtaje, maana anaivuruga kanuni yangu: Hippo Point. Iko upande wa Dunga, lakini saa zake ni za jioni. Inatazama magharibi, maji matupu mbele yako, na jua linazama karibu saa moja kasoro dakika kumi. Watu wakiona picha nzuri ya machweo ya Kisumu, mara nyingi ilipigwa huko. Kwenda nenda, ila gari au boda ya kukurudisha iwe inakusubiri. Viboko hutoka majini kula nyasi giza likishaingia, na kiboko nchi kavu si mnyama wa kupishana naye njiani.

Ukiwa na watoto, au na mzee

Hapa sihitaji maneno mengi. Acha ubishi wa Dunga na mjini, nenda Impala. Ni hifadhi ndogo ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, chini ya nusu kilomita mraba, pembeni mwa ziwa, yenye swala pala wanaozurura na wanyama wengine kwenye vizimba. Nzohe, yule swala wa kinamasini mwenye kwato ndefu zilizotanuka, ndiye wa kumtafuta. Kuna miti, kuna kivuli, kuna choo, na hakuna anayehitaji kuamka saa kumi na moja. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si noti mkononi, kwa hiyo fungua akaunti na ujaribu malipo ukiwa bado na intaneti nzuri. Na mkate ufiche. Tumbili wa pale alitoa mfuko wa mandazi mikononi mwa mpwa wangu kwa ustaarabu mkubwa, mtoto hakujua kama aliporwa au aliombwa.

Mambo mawili yanatuhusu sisi wa nyanda za juu hasa. Kisumu kuna malaria ya kweli, na wengi wetu tumekulia mahali ambapo mbu ni kero tu. Lala ndani ya neti, jipake dawa jioni, na ukipata homa hata wiki mbili baada ya kurudi Nakuru, mwambie daktari ulikuwa ziwani. La pili, usitembee pekupeku kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Kichocho kimo, na hakionekani kwa jicho.

Basi uchague vipi?

Ukiweza kulala Kisumu usiku mmoja, huna haja ya kuchagua: fika mchana, jioni mjini, alfajiri Dunga, saa sita uko njiani kurudi. Mpango huo ndio ninaompa kila mtu mwenye uwezo wa kulipia chumba.

Ukienda na kurudi siku hiyohiyo kutoka Nakuru, hesabu ni nyingine. Hata ukiondoka saa kumi na moja alfajiri, utafika ghuba ikiwa imeanza kujikunja. Usijilazimishe Dunga. Pita Impala kwenye kivuli, kisha ukale mapema mjini, saa tisa au kumi, uondoke kabla ya giza, kwa sababu barabara ya Kericho usiku yenye ukungu na malori si ya kuchezea. Ukitoka Kakamega, Vihiga au Ahero, ambako unaweza kufika jua linapochomoza, Dunga bila kusita.

Anayependa ndege asibishane na mtu, ni Dunga, na alale hukohuko upande wa kusini ili asipoteze dakika. Wapenzi waliooana juzi: Hippo Point, kisha mjini. Kundi la marafiki wanaotaka kelele: mjini, na Dunga waiache kwa walioamka bila kichwa kuuma. Mtu wa picha aamke. Mwenye mama mkwe, Impala, halafu samaki, na kichwa cha samaki ampe yeye.

Shangazi nilimrudisha Dunga mwaka uliofuata, safari hii saa kumi na mbili asubuhi, amejifunga leso kichwani na ile sweta yake ya Nakuru. Ndege mwekundu hatukumwona. Tuliwasikia wawili, karibu sana, upande wa kushoto wa njia ya mbao. Alisimama, akainua kidole kuninyamazisha ingawa sikuwa nimesema kitu, akasikiliza hadi walipoacha. Kisha akauliza mikeka ni bei gani.